Kutenda bila kulazimisha: tofauti yake na uvivu iko wapi?

KijanaWaLangoni

Assalaam alaykum, na wengine wote hamjambo.

Nina swali lililonikaa kifuani wiki tatu sasa, na hapa nyumbani siwezi kuliuliza bila kuzua ugomvi.

Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu, nina miaka 31. Tangu mwaka jana nafanya kazi na ami yangu kwenye mashua yake. Twapeleka bidhaa za maduka Siyu na Faza, na msimu wa wageni twawatembeza Shela na Manda. Kabla ya hapo nilikuwa karani Mombasa miaka sita, kwa hivyo bahari nimeianza nikiwa mtu mzima, mikono laini.

Ami anifundisha kushika kana, ule mkono wa usukani. Shida iko hapo. Mimi nikiishika, naishika kweli. Upepo ukivuma najibu, wimbi likija najibu, omo, mbele ya chombo, ikienda kushoto kidogo tu nairudisha kulia. Mwezi wa saba, kusi, upepo wa kusini, imechachamaa, tulikuwa twabisha, yaani twaukabili upepo, kwenda Shela na mimi niko nyuma. Nilikaza demani, kamba ya tanga, ikawa kama waya. Kana nimeing'ang'ania kwa mikono miwili, mguu nimeukita ubavuni. Malengelenge yalinitoka hapa katikati ya kidole gumba na cha shahada, yakapasuka palepale, na maji ya chumvi yakaingia. Na chombo? Kimelala upande, maji yapanda juu ya ubavu, na nikitazama minazi ya ufuoni naona hatuendi mbele, twasukumwa kando tu. Mwisho tanga likachanika kwenye mshono, shubiri tatu hivi.

Ami hakunifokea. Alikuja nyuma, akailegeza demani kama dhiraa moja, akaweka vidole viwili juu ya kana. Viwili tu. Chombo kikainuka kikaenda, na tanga limechanika vilevile. Akaniuliza, "Wewe wapigana na nani?"

Usiku ule nikakumbuka nilichowahi kusikia juu ya Wachina wa kale wafuasi wa Njia, ile wanayoiita Dao. Wana neno wu wei, na wengi hulitafsiri "kutotenda". Nikatafuta kitabu cha Laozi, mwenye hekima wao wa kale, kwa Kiingereza, nikakisoma chote. Si kirefu, sura 81, nyingine ni mistari michache tu. Nilihisi kama mtu yule alikuwa amekaa kwenye mashua yetu akimtazama Ami.

Nikamweleza mama. Akaniambia, "Hayo ni maneno ya wavivu. Baba yako angekaa asitende, wewe ungekula nini?" Sikuwa na jibu. Maana kuna kijana mwenzangu hapa mtaani kutwa yuko barazani na miraa yake, ukimuuliza habari za kazi asema, "Itajipa tu." Ami naye husema, "Kiwache, kitajiendea." Maneno ni yaleyale, lakini mmoja ana mashua na mwenzake ana deni la duka.

Basi naomba mnisaidie. Mtu atawajuaje wawili hawa? Na la pili, jambo hili lafunzwaje? Maana nikijitahidi kutojitahidi, nimeshajitahidi.

---

Abu_Faza

Wa alaykum salaam. Kijana, nitasema wazi, na unisamehe.

Kwanza, haya unayotafuta mbali tunayo. Fanya sababu, kisha tawakali. Mfunge ngamia wako ndipo umtegemee Mwenyezi Mungu. Kila mtoto wa chuo cha Kurani analijua hili. Sioni la kuongezewa na Wachina, na tuchunge sana tusije tukaifanya hiyo "Njia" yao ikawa kitu cha kuombwa.

La pili, na hili ndilo la moyoni. Mimi nilibeba mawe ya Maweni, kule Manda, miaka kumi na tatu. Kutoka shimoni hadi jahazini, kutoka jahazini hadi kwa punda, na pale punda asipofika ni bega langu. Maneno ya maji na mkondo ni matamu kwa mtu wa tanga, upepo wamfanyia kazi. Jiwe halina mkondo. Usipolinyanyua halinyanyuki, na usiponyanyua hulipwi. Naogopa falsafa hii ilitungwa na watu waliokuwa wakinyanyuliwa mawe na wengine.

Mama yako ana haki.

---

Mwalimu_Mkomani

Mwanangu, nilisoma swali lako asubuhi, nikaliwacha, nikaenda kushona, nikarudi. Nina miaka 64. Nimefundisha Kiswahili miaka 33 na baba yangu alikuwa nahodha, kwa hivyo umenigusa pande zote mbili.

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo lililomkasirisha mama. Wu ni "bila". Wei ni "kutenda", lakini katika vitabu hivi limebeba maana ya kutenda kwa kulazimisha, kukipachika kitu umbo kisilolitaka. Laozi hakusema watu wakae. Sura ya 37 yaanza kwa kusema kwamba Njia daima haitendi, na wala hakuna kisichotendeka. Litazame neno la mwisho. Kutendeka! Darasani nilikuwa nikiandika ubaoni sentensi mbili: "Ali amefungua mlango" na "Mlango umefunguka." Mlango uliofunguka huenda ulishikwa na mkono wa mtu, lakini katika sentensi mkono hauonekani, waonekana mlango ukifanya lililo lake. Ami yako akishika kana, mtu aliye ufuoni hasemi "amekigeuza chombo." Asema "chombo kimegeuka." Miaka yote ile nilifundisha kauli ya kutendeka kama jambo la sarufi, na nilipolikuta pale nililia, nakwambia kweli.

Na Dao ni njia. Sisi Waamu twasema ndia, na mtaa unaoupasua mji wetu ni Ndia Kuu. Mimi husoma hivyo, ndia, na kitabu kinakuwa karibu zaidi.

Sasa nikupe kisa cha baba. Wajua Mkanda, ule mlango wa bahari penye mikoko, maji yakipwa pageuka tope. Nilikuwa na miaka tisa, nimechukuliwa safari kwa mara ya kwanza, tunarudi kutoka Pate na shehena ya boriti. Tulichelewa kidogo, maji yakatukimbia, chombo kikakaa. Nyuma yetu ikaja boti ya mashine na vijana wawili, ikakaa nayo. Wale vijana hawakukubali. Waliwasha mashine, wakaivumisha, tope likaruka nyuma kama uji unaochemka. Kila wakiongeza moto chombo chao chachimba shimo lake. Mwisho mashine ikavuta tope badala ya maji, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Baba alitia nanga. Kisha, na hapa ndipo nataka mama yako asikilize, hakukaa. Alifua maji yote yaliyokuwa ndani ya chombo. Alizihamisha boriti, nyingine akazileta kati, maana omo ilikuwa imelemewa. Alishona tanga. Alipika wali kwa papa mkavu, akawaita wale vijana wakaja kula wakitembea topeni hadi magotini. Baada ya isha akalala. Mimi sikulala, nilikuwa nasikiliza kaa wakitembea kwenye mikoko.

Na hili nililiona kwa macho yangu. Maji yalipoanza kurudi, kabla hata hayajagusa ubao, baba alikuwa ameshaamka. Hakuna aliyemwamsha. Alisimama na pondo, mti wa kusukumia chombo, mkononi, hakulitia majini. Maji yakapanda kifundo cha mguu, yakapanda goti, na yeye amesimama tu, mkono mmoja juu ya ubao wa chombo kama mtu anayempima mtoto homa. Chombo kikatikisika mara moja. Akaacha. Kikatikisika tena, na safari hii kikainuka kidogo upande wa nyuma, hapo akatia pondo akasukuma mara moja. Mara moja tu, kwa nguvu zake zote, mshipa wa shingo ulimtoka. Tukaelea. Wale vijana walikuwa wamelala fofofo, baba akawapigia kelele waamke, wakakuta nanga hawakutia na boti yao yaenda na mkondo kuelekea kwenye mikoko.

Basi huyo kijana wa barazani, usimpime kwa maneno yake. Mtazame maji yakijaa yuko wapi. Anayejua ndia ya kitu huamka kabla yake. Huyo mwingine hulala maji yakipwa, na yakijaa amelala vilevile.

Ndugu yangu Abu_Faza, nimekusikia. Kuhusu dini, hapana mgongano unaouogopa. Mimi nasali sala zangu, na baba alikuwa akisoma dua kabla ya kung'oa nanga. Ndia ya Laozi haiombwi, haina sikio. Ni namna mambo yanavyokwenda. Na kuhusu walionyanyuliwa mawe, shaka yako ni ya haki, lakini maneno haya yalitungwa katika zama za vita, dola za China zikilana, na sehemu kubwa yake ni kuwaambia watawala: punguzeni mkono wenu, kodi zenu ndizo zinazowatia watu njaa. Hilo limo wazi katika sura ya 75. Waliosemewa ni wabebaji wa mawe.

Kisha uniambie wewe mwenyewe: jiwe ulilolinyanyua mwezi wa kwanza na ulilolinyanyua mwaka wa kumi, ulilinyanyua sawasawa?

Mwanangu, swali lako la pili Zhuangzi amelijibu vizuri kuliko Laozi. Huyu ni mfuasi mwingine wa Njia, wa karne ya 4 KK, na ana kisa cha mpishi aitwaye Ding aliyekuwa akimpasulia bwana Wenhui ng'ombe. Kisu chake kilikwenda kama ngoma. Bwana akastaajabu. Mpishi akamwambia kwamba mpishi hodari hubadili kisu kila mwaka, kwa kuwa hukata. Mpishi wa kawaida hubadili kila mwezi, kwa kuwa hupigapiga. Chake yeye kina miaka 19, kimepasua maelfu ya ng'ombe, na makali yake ni kama ya kisu kilichotoka kwenye kinoo sasa hivi. Viungo vina nafasi, makali ya kisu hayana unene, na kisicho na unene kikiingia penye nafasi hakina cha kugombana nacho.

Watu wengi huishia hapo, wakaona uzuri wa wepesi ule. Mimi nasema soma mbele na nyuma. Nyuma asema alipoanza aliona ng'ombe mzima tu, na ilimchukua miaka mitatu hadi akaacha kumwona hivyo. Mbele asema kila akifika penye fundo gumu hujihadhari, macho hutulia, mkono hupunguza mwendo, kisu husogea kidogo mno, kisha nyama yaachana ghafla kama bonge la udongo likidondoka. Baada ya miaka 19 bado ana mahali pa kujihadhari! Kwa hivyo wepesi wa Ami si zawadi ya kuzaliwa nayo, na wala si kutojali. Wewe ulipokaza demani uliona bahari nzima. Yeye aona ule mshono mmoja wa upepo.

Nami nashona kofia. Kitobo kimoja huzungushwa uzi pande zote, na kofia moja ina vitobo mamia kwa mamia. Ukikaza uzi kitambaa chajikusanya, kofia haikai kichwani. Ukilegeza, kitobo chafumbuka kama jicho la mgonjwa. Nilishona kofia nne mbovu, mama akizifumua mbele yangu, ndipo siku moja nikagundua kwamba uzi wenyewe hunambia pa kusimama. Huwa kuna ukinzani mdogo sana kidoleni. Ukipita hapo umelazimisha, ukisimama kabla umezembea. Hujitahidi kutojitahidi, mwanangu. Wajitahidi kusikia. Mkono utafuata.

Kesho ukishika kana, jambo moja. Usukani ukiupinda sana haukiongozi chombo, wakizuia, ni kama ubao uliosimamishwa majini. Kana ikikuvuta kwa nguvu, mara nyingi tatizo haliko kwenye kana, liko kwenye demani. Legeza mbele, nyuma patakuwa pepesi.

---

Abu_Faza

Mwalimu, umenikamata.

Mwezi wa kwanza nililibeba kwa mikono, mbali na tumbo, mgongo ukaniuma hadi sikuweza kurukuu. Mzee mmoja pale shimoni akanionyesha: liviringishe lipande pajani, liegemee kifuani, kisha nyanyuka wewe, si jiwe. Jiwe litakuja nawe. Na pumzi, uitoe wakati wa kunyanyuka. Mwaka wa kumi nilikuwa nabeba mengi kuliko vijana wenye vifua.

Lakini bado nasema jiwe ni zito.

---

MamaSamaki_Malindi

Mimi naongeza dogo tu kutoka huku Malindi, na salamu kwa mwalimu.

Katika kitabu hicho mna sura moja, ya 60, isemayo kutawala nchi kubwa ni kama kupika samaki mdogo. Binti yangu ndiye aliyenisomea, alicheka akasema, "Mama, wamekuandika." Nakaanga samaki jioni huu mwaka wa kumi na mbili. Samaki mdogo adui yake ni mkono wa mpishi. Mafuta yakipata moto sawasawa, ukamweka, ngozi hushika kwenye karai. Ukimgeuza hapo, nusu yake yabaki chini na wateja waona makombo. Ukimwacha, ngozi ikaiva, ajiachilia mwenyewe. Ukitikisa karai kidogo wamwona ateleza. Basi ndiyo ruhusa, mgeuze mara moja yatosha.

Lakini nani aliyewasha moto? Nani aliyempaka chumvi na ndimu saa tisa, akamkausha maji asije akarusha mafuta? Ile dakika ambayo mkono wangu umetulia ina kazi ya mchana mzima nyuma yake. Msaidizi wangu wa kwanza alikuwa na mkono usiotulia, na kila nikimwambia awache, aona kama namwambia asifanye kazi. Akasema mshahara wake ataulaje haramu akiwa amesimama. Nilimpenda kwa hilo. Nikampa kazi ya kusikiliza: mlio wa mafuta ukibadilika, kutoka ule wa mvua kubwa ukawa wa manyunyu, aniite. Baada ya wiki mbili hakuniita tena, aligeuza mwenyewe kwa wakati wake.

Kijana, mwambie mama yako hivyo. Au usimwambie, mpikie.

Na kwa wanaosema Wachina ni wageni wa jana: sisi watu wa Malindi tulimpeleka twiga China mwaka 1415, akafika kwa mfalme wao akiwa hai. Nani alimweka twiga juu ya jahazi miezi yote ile kwa kumlazimisha? Huwa namfikiria sana yule mtu aliyekuwa akimlisha.

---

KijanaWaLangoni

Nashukuru sana. Mwalimu, shikamoo, nimeyasoma maneno yako mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mama kile kisa cha Mkanda. Alinyamaza. Kisha akaniuliza, "Baba yake nani huyo?" Nikamwambia sijui, mtu wa Mkomani. Akasema wazee wa zamani walikuwa hivyo, na babake yeye pia alikuwa akiamka na maji. Hakusema zaidi, lakini jioni alinifungia wali na papa wa kuchukua kesho yake.

Jumamosi tulibisha tena. Kusi imepungua kidogo ila bado ipo. Kana ilianza kunivuta karibu na gati la Shela, nikahisi bega langu laanza vita vyake vya zamani. Nikaiwacha kana nusu sekunde, nikaangalia demani, nikailegeza shubiri moja. Nimezoea kungoja kitu kikubwa kitokee, lakini kilichotokea ni kwamba kana ilianza kutetemeka. Mtetemo mdogo, kama mtu aguna akiwa amelala. Sikuwahi kuuhisi kwa sababu mikono yangu ilikuwa ikibana mno. Nikapinda kidogo kuelekea upepo, mtetemo ukapotea na tanga likapigapiga mbele. Nikarudisha, ukarudi. Nafikiri huo ndio uzi wa kidoleni wa Mwalimu.

Haikudumu. Ilikuja boti ya kasi ikatukata mbele, nikashtuka, nikabana tena, tukapoteza mwendo wote. Ami akaniangalia tu. Baada ya hapo nilipata kama robo saa nyingine nzuri kabla ya kufika.

Abu_Faza, nimekuelewa pia. Sitasema jiwe ni jepesi.

Kesho twapeleka unga na sukari Faza. Ni bamvua, siku za maji makubwa, yatajaa saa kumi jioni, na Ami asema tukitoka saa nane tutapita Mkanda bila kungoja. Nimemwomba nishike kana mimi tangu gati la Lamu. Akasema, "Haya," akaenda kutafuta uzi wa kumalizia ule mshono.